Madai Tisa Dhidi ya Ngamia Mpya

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi kikaoni mshindi. Karibu mshindi.

Chama chetu kina watu kumi na wanane, wote tunaendesha pikipiki ya aina moja, ile kubwa ya masafa marefu tunayoiita Ngamia. Mimi ndiye katibu. Kwa kazi ni fundi saa. Sasa kampuni imetoa Ngamia mpya, na wamemharibu! Wamemwondolea kiki ya kuwashia kwa mguu. Wamemwondolea mishale ya mwendo, wakabandika kioo kama cha simu. Hata tundu la ufunguo hana. Unatembea na kidude mfukoni, pikipiki inakinusa, inawaka. Na siti wameishusha vidole vinne. Vidole vinne! Ngamia huyo au mbuzi?

Nimependekeza tuiandikie kampuni waraka wa Madai Tisa. Dai la kwanza: siti irudishwe juu. Makofi. Dada Mkuu, muuguzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, hakupiga. Alikuwa anakunja karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Kwa nini?

Halafu shemeji akaharibu. Huyu ni kaka wa mke wangu, muuza vigae, mwanachama pekee aliyenunua Ngamia mpya. Akauliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama katibu amewahi hata kumkalia. Nikajibu kwamba daktari haugui kwanza ndipo atibu. Watu wakacheka. Sijui walimcheka nani.

Kura ni Jumamosi ijayo.

Jumapili, 5 Mei

Swali la shemeji haliniachi. Akiliuliza tena je? Na mimi nimekwisha kuapa kwenye kundi la simu, mbele ya wote, kwamba paja langu halitagusa siti ile maisha. Niliweka na picha ya ngumi.

Mke wangu ameniuliza mbona nachovya mkate kwenye maji ya kunawa. Nikamwambia nawaza kazi. Akauliza kazi gani, siku hizi si kila mtu anaangalia saa kwenye simu. Nilikula ule mkate.

Mpango umenijia nikiwa bafuni. Nitakwenda duka la pikipiki kama mnunuzi. Nitampanda Ngamia mpya kwa siri, niandike kasoro zake moja moja. Jumamosi natoa ushahidi, bila kusema nimeutoa wapi. Safi kabisa!

Jumanne, 7 Mei

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Nilifika dukani saa nane mchana na miwani myeusi. Nikamwambia muuzaji kwamba mimi ni mkandarasi wa visima. Sijui kwa nini visima. Akaniuliza kina gani. Nikasema inategemea. Akaridhika, akaiwasha pikipiki, akaniambia nizunguke mtaa mmoja tu. Ngamia wangu nilimwacha pale dukani, na simu ndani ya sanduku lake.

Sikuzunguka mtaa mmoja. Nilifika mpaka nje ya mji, kwenye viwanda vya mbao. Upepo haunigusi. Injini haipigi kelele, inanong'ona. Na vishikio vina joto! Unabonyeza kitufe, viganja vinapashwa moto kama umeshika kikombe cha chai. Nilijikuta naimba. Niliona aibu, nikasimama kando ya barabara, nikazima, nikatoa daftari niandike kasoro.

Niliandika kidogo, nikalitia daftari kwenye sanduku la nyuma, nikabonyeza kuwasha. Kimya. Kwenye kioo ikatokea picha ya ufunguo uliopigwa mstari mwekundu.

Kidude kilikuwa mfukoni mwa muuzaji.

Kiki hakuna. Simu hakuna. Nikaanza kusukuma. Ngamia mpya ana uzito wa ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Na bado nilikuwa nawaza: hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, nimeipata mwenyewe, na siwezi kumwambia mtu yeyote!

Nilikuwa nimesukuma hatua kama mia mbili nikasikia Ngamia wa zamani nyuma yangu. Dada Mkuu, anatoka zamu. Akasimama, akafungua kioo cha helmeti. Akaniuliza kama hiyo ninayoisukuma siyo ile tusiyoitaka.

Nikasema si yangu, Dada Mkuu. Namsaidia mtu. Ameingia msalani hapo kiwandani.

Akasema basi tumsubiri. Akashuka, akakaa juu ya gogo. Tukasubiri. Akanipa karanga. Nikatazama mlango wa kiwanda kana kwamba kweli kuna mtu atatoka. Kipenga kikalia, wafanyakazi wote wakatoka, geti likafungwa kwa kufuli.

“Huyo mtu wako ana tumbo baya,” akasema.

Nikakiri yote. Hata kuimba.

Hakucheka. Alitazama siti ya Ngamia mpya kwa muda, kisha akaomba akae. Akapanda. Nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini, bapa. Halafu akaniambia kwamba tangu mwaka jana goti lake la kushoto halinyooki vizuri. Kwenye Ngamia wa zamani anafika chini kwa ncha za vidole tu. Ameanguka kwenye taa za barabarani mara mbili, mara ya pili pikipiki ikamlalia mguu, na watu wakapiga honi. Hakumwambia mtu. Alishaamua safari ya chama ya mwaka huu iwe yake ya mwisho, mpaka alipopima siti mpya kwa macho akapata matumaini. Waraka wangu ukipita na kampuni ikasikia, basi.

“Mimi nitakaa na siri yako, Katibu. Wewe kaa na yangu.”

Akaenda dukani, akarudi na kidude. Nilirudisha pikipiki nikasema visima vimenichelewesha.

Alhamisi, 9 Mei

Siku mbili sijala vizuri. Nimefunga saa ya mteja mmoja nikakuta gurudumu lake limebaki mezani. Nimeamua: dai la kwanza nitalifuta, kimyakimya. Nitachapa waraka upya na madai manane, niseme ni kosa la uchapaji.

Nilipata nafuu kwa saa nzima. Kisha shemeji akaandika kwenye kundi: amemwalika muuzaji wa dukani aje Jumamosi ajibu maswali.

Muuzaji! Nimetafuta miwani myeusi nyumba nzima. Mke wangu ameikalia.

Jumamosi, 11 Mei

Mambo yote, kwa mpangilio yalivyoniangukia.

Muuzaji hakuwepo. Ameahidi kuchelewa kidogo. Nikasoma madai manane haraka haraka, kama dua ya kufunga. Shemeji akanyoosha mkono. Siti iko wapi? Nikasema uchapaji. Akasema hapana, hata yeye anataka siti ipande, tena hilo ndilo dai pekee analoliunga mkono, kwa sababu akikaa kwenye Ngamia mpya magoti yanamfika masikioni kama panzi. Watu wakapiga makofi. Dai langu mwenyewe, na makofi yangu mwenyewe!

Nikajikuta natetea siti fupi. Jasho linatiririka. Nikasema ni nzuri kwa upepo. Nikasema ni nzuri kwa mgongo. Wakaguna. Nikapaza sauti kwamba humu ndani kuna mtu ambaye miguu haifiki chini!

Watu kumi na saba wakaanza kutazamana miguu.

Nilitaka ardhi inimeze. Dada Mkuu akaweka karatasi mezani, akasimama.

“Ni mimi,” akasema. Akalieleza goti, taa za barabarani, honi. Hakuongeza chumvi, hakulia. Akasema kama siti itapandishwa, sawa, ila atakuwa anatusubiri nyumbani.

Kisha seremala, jitu kubwa kuliko sote, akasema kwamba naye ameanguka. Mara tatu. Mwalimu wa hesabu akasema yeye aliangukia ua la jirani. Shemeji akapendekeza tuombe siti mbili, ndefu na fupi, kila mnunuzi achague. Ikapita bila kura hata moja ya kupinga. Nilikaribia kumpenda.

Hapo mlango ukafunguliwa. Muuzaji! Nikainama kufunga kamba za kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

“Ah, mzee wa visima!” akasema. “Ulisahau daftari lako kwenye sanduku la pikipiki.” Akampa shemeji alipitishe.

Shemeji hakulipitisha. Alisoma kwa sauti. Kasoro ya kwanza: rangi ya vumbi. Kasoro ya pili: hapakuandikwa kitu. Na chini yake, kwa maandishi yangu makubwa: Vishikio vina joto. Nimevipenda. Mungu anisamehe.

Walicheka mpaka seremala akashikwa na kwikwi, na muuzaji alipoongeza habari ya kidude wakaanza upya. Ukatibu nimevuliwa papo hapo, amepewa shemeji. Dai la ufunguo wa kawaida limeingizwa kwenye waraka, kwa ushahidi wa mkandarasi wa visima.

Dada Mkuu nilimfuata nje nikamwomba radhi. Akasema siri yenyewe ilikuwa imeshamchosha, ila akiwa na nyingine hatanipa mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamka mtu mpya. Sitasema tena neno juu ya kitu nisichokijua. Nimemwambia mke wangu. Akasema vizuri, akaendelea kupiga pasi.

Saa nne asubuhi nikasikia kwa mteja kwamba mwakani kutakuwa na Ngamia asiye na klachi. Hajatengenezwa. Hakuna hata picha. Lakini bila klachi! Mkono wa kushoto utafanya nini safari nzima?

Nimeandika kurasa nne kumpinga, nikazituma kwenye kundi kama Mwanachama Mwenye Uzoefu, bila kutaja jina. Shemeji amejibu tayari. Ameanza na jina langu. Kajuaje?