Malalamiko Dhidi ya Yaki Waliofuata Chumvi Yangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Yaki wa Ziwani.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, ijapokuwa bado napiga chafya. Mimi ni Chumkit Bhutia, mjane wa hapa Gangtok. Jumapili nilitimiza miaka sabini, na wanangu wakaniandalia safari ya kwenda ziwani asubuhi na kurudi jioni. Huko juu ndiko nilikozaliwa, katika hema la wachungaji, kabla sijaletwa mjini kuolewa. Mwanangu Norzang anasema iwe mara ya mwisho, maana umri wangu hauwezi tena theluji wala hewa nyepesi. Nakubaliana naye kabisa, na sababu zangu ni hizi:

1. Nilikodishiwa mabuti ya mpira kama mgeni wa bondeni. Yote mawili yalikuwa ya mguu wa kushoto.

2. Wajukuu waliimba wimbo wa kuzaliwa kwa kelele. Niliwaonya kwamba pale ukingoni hapapigwi kelele, mzimu mwenye ziwa hapendi. Mke wa Norzang akasema, "Mama naye, na mambo yake ya kale." Theluji ikaanza kuanguka hata mshumaa haujazimwa, keki tukaila na theluji yake. Chama chako kingeajiri mtu wa kunyamazisha watu.

3. Nilipandishwa yaki, ng'ombe wenu huyo wa manyoya marefu, aliyepambwa mpaka kwenye pembe, kama bibi harusi. Mwenye yaki, Phurba, akaniambia, "Usiogope, bibi, huyu mpole." Mimi, niliyewakamua bibi za yaki huyo.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Yaki yule alinusa mfuko wangu, nilimoweka chumvi ya chai, maana sisi chai yetu hutiwa chumvi. Nikampa kidogo, kwa adabu tu, nikampigia na mluzi wa kwetu wa kuitia yaki. Ndugu Mwenyekiti, wanyama wenu hawana malezi. Wote waligeuka wakanifuata, wageni wakiwa bado mgongoni, wengine wanapiga picha, wengine wanaita mama zao. Phurba alikimbia nyuma yetu akisema, "Bibi, acha huo mluzi, unaniharibia kazi." Tukapanda hivyo hivyo mpaka pale lilipokuwa zamani hema letu. Norzang alifika anahema, hana rangi usoni, akanishusha kama gunia la viazi.

Kwa hiyo naomba picha yangu ibandikwe kibandani kwenu, nisipandishwe yaki tena. Yaki wote wafundishwe kukataa chumvi. Na ikiwezekana, ziwa lenyewe lishushwe kidogo, hewa iwatoshe akina Norzang.

Wasalimie akina mama wauza chai, wasalimie wapiga picha, na Phurba umwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, mwenye masikitiko na mafua,
Chumkit Bhutia

Tanbihi: Norzang ameisoma barua hii mpaka kwenye sahihi, ameridhika, ameenda kutafuta bahasha. Sasa nisikilize wewe, Mwenyekiti mwanangu. Hayo ya juu yaache kama yalivyo, wala usibandike picha yoyote. Tangu nimzike mume wangu sijacheka kama nilivyocheka Jumapili ile. Nakuja Alhamisi na gari la alfajiri, peke yangu, na Phurba aniwekee yaki yule yule. Norzang nimemwambia siku hiyo nina miadi na daktari, naye amefurahi sana kwamba hatimaye naijali afya yangu.