Nyuzi Tatu za Nini?

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa binti yangu atasimama mbele ya mhadhiri wake wa kompyuta aeleze mashine fulani. Akishindwa, anarudia mwaka mzima. Nikamwuliza mashine yenyewe iko wapi, niipanguse vumbi. Akasema haipo. Haijawahi kuwepo! Eti kuna mtu aliiwaza tu. Haina waya, haina injini, na utepe wake hauna mwisho. Mimi niliishia darasa la nne, lakini cherehani yangu naiona kwa macho. Wasomi bwana!

Mwenye saluni wa mlango wa pili, ambaye bintiye anasoma pamoja na wangu, amepita kujisifu. Wao wameshachora mchoro wa rangi. Nimempa hongera. Ya moyoni siyaandiki.

Jumanne, 5 Machi

Mwanangu hagusi chakula, anatafuna kalamu. Roho inaniuma. Nimemwambia anieleze mimi; nikielewa mimi, hata kiti kitaelewa.

Kumbe upuuzi mtupu! Utepe umegawanywa vyumba vyumba. Mashine inaona chumba kimoja tu, kama mmbeya kwenye tundu la ufunguo. Inaandika kitu au inafuta, kisha inasogea hatua moja, kulia au kushoto. Basi! Haikumbuki ilikotoka wala haijui iendako. Inajua tu iko katika hali gani, na kanuni ya hali hiyo inasemaje. Nikamwambia mwanangu, hiyo naijua, nimeolewa nayo. Baba yake akaongeza sauti ya redio.

Eti hesabu yoyote iwezayo kufanywa na kompyuta, hata hii inaiweza. Nimecheka mpaka sindano ikanichoma.

Lakini wazo limenijia. Kila mwanafunzi anaruhusiwa msaidizi mmoja. Mwenye saluni atashika mchoro wake. Mimi nitakuwa mashine!

Jumatano, 6 Machi

Imekamilika. Utepe wa kushonea, vyumba kwa chaki, vifungo juu yake. Uzi ninaofunga mkononi ndio hali yangu. Tukajumlisha tatu na mbili: vifungo vitatu, pengo, vifungo viwili.

Nikiwa na uzi mwekundu: nikikuta kifungo, nasogea kulia. Nikikuta patupu, naweka kifungo, nafunga uzi wa bluu, nasogea kulia. Uzi wa bluu: nikikuta kifungo, nasogea kulia. Nikikuta patupu, narudi kushoto hatua moja na kufunga uzi mweusi. Uzi mweusi: nang'oa kifungo, nasimama.

Vikabaki vitano! Nikapiga kigelegele. Mwanangu akala sahani mbili.

Ila kitu kimoja kinanikera. Kuziba pengo kisha kung'oa kifungo cha mwisho! Binti anasema bila hivyo jibu lingekuwa sita. Sawa, lakini fundi gani anaweka kifungo hapa ili akang'oe kingine kizima pale? Miaka ishirini na sita sijawahi kuona ushamba kama huo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeirekebisha kimyakimya. Nyuzi tatu za nini? Mwekundu peke yake unajua yote: kifungo, pita; pengo, ziba. Wa bluu na mweusi nimetupa jalalani. Sijaijaribu. Kujaribu ni kwa wasiojiamini.

Nimemwambia mwenye saluni alale mapema, asije akasinzia nikimwaibisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mhadhiri amevaa suruali isiyofika vifundoni. Huyo ndiye wa kumpima mwanangu!

Nikaanza. Vifungo vitatu, nikapita. Pengo, nikaziba. Vifungo viwili, nikapita. Patupu, nikaziba. Patupu tena, nikaziba. Tena! Utepe ukaisha, lakini kanuni haikusema simama, nikaendelea mezani. Kisha dirishani. Kisha kwenye mapaja ya mwenye saluni, akasema nimepagawa. Binti akaninong'oneza uzi wa bluu uko wapi. Nikamjibu, jalalani. Akafunika uso kwa viganja viwili. Mwaka mzima wa mwanangu!

Mhadhiri akauliza kama nitasimama.

Mwanangu akafunua uso. Akasema hapana, mama hasimami. Kila chumba kipya ni kitupu, na uzi alionao hauna kanuni ya kumsimamisha. Akasema kwa mashine hii moja tunaona wazi, lakini hakuna njia moja inayoweza kutazama kila mashine na kutabiri kama itasimama au itaendelea milele. Wala haitapatikana.

Mhadhiri akasema hajawahi kuona mfano bora wa mashine isiyosimama. Amefaulu! Nililia machozi hadharani.

Binti wa mwenye saluni naye amefaulu. Mhadhiri hana macho.

Jumamosi, 9 Machi

Binti amenikumbatia, akanisihi siku nyingine nimuulize kabla ya kutupa kitu. Nimemwambia sawa mwanangu. Baba yake anasema niliharibu, mtoto ndiye aliyeokoa. Redio imemlevya. Bila mimi, mtoto angeishia kwenye tano!

Mwenye saluni amerudisha vifungo vyangu vinne, kwa ncha za vidole. Wivu.

Kuna mtihani mwingine mwezi wa sita. Nimeshaanza kuandaa mashine. Uzi mwekundu nimeutazama vizuri, nikaugeuza huku na huku. Wa nini?

Nimeutupa.