Moja Tupu, Mara Sita

Jumanne, 3 Juni

Nimegundua udhaifu wa baba yake Mireille! Muzee Gérard alifundisha hesabu hapa Bunia mpaka akastaafu, na bado anapenda namba tasa kama wengine wanavyopenda mpira. Yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Simu yangu inaishia na 111 111. Moja tupu! Nani ataigawanya? Kesho nitamtajia, halafu niombe kumuoa Mireille.

Jumatano, 4 Juni

Aibu! Muzee hakushika hata kalamu. Alipuliza chai yake, akaniambia kwa upole: “Mutoto yangu, ile namba iko nagawanyika kwa tatu. Na saba. Na onze, na treize, na trente-sept.” Eti ukizidisha hizo zote pamoja, 3, 7, 11, 13 na 37, inarudi namba ileile. Nimejaribu nyumbani. Kweli.

Nikamtajia namba ya Fabrice tumcheke. Fabrice wa taxi-moto, yule wa pikipiki ya abiria, naye anamtaka Mireille. Yake inaishia na 524 287, mwenyewe haikumbuki. Muzee akaruka kitini. Ni tasa! Tena ukiiongeza moja unapata mbili kumi na tisa zilizozidishwa pamoja. Kwa nini sikunyamaza?

Alhamisi, 5 Juni

Nimemzidi akili Fabrice! Nilimwambia namba yangu ni rahisi kushika, wateja wake wataipenda. Tukabadilishana SIM palepale barabarani. Alinishukuru, maskini. Nilicheka mpaka nyumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Muzee ameshangilia namba yangu mpya. Wajomba wa Mireille wanatoka Mahagi kesho kutwa. Wakikubali, amesema Muzee, Mireille atanibip: simu italia mara moja, atakata, nami nitaingia na wazee wangu. Sikumkuta Mireille mwenyewe, alikuwa sokoni. Haidhuru.

Jumapili, 8 Juni

Nimevaa koti tangu asubuhi. Wazee wangu wamekaa sebuleni, wana njaa. Simu kimya. Namba tasa ina utulivu wake.

Jumatatu, 9 Juni

Mireille alibip jana. Alibip ile aliyoishika kichwani, moja tupu! Fabrice akaona bip ya Mireille, akajua anaitwa kwa wazee, akapakia shangazi yake Suzanne kwenye pikipiki, akafika samaki wa wageni wakiwa bado wa moto. Wajomba wamempenda. Nilikwenda kujieleza, Mireille akanijibu mlangoni: “Mimi nilibip. Yeye alikuya.” Imeniuma sana. Sikula.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetulia. Martine, anayeuza mandazi karibu na kwetu, ameniuliza mbona sicheki siku hizi. Ana tabasamu zuri! Ameshika namba yangu kichwani, ile ngumu, na Jumapili akipata nafasi atanibip tutembee.

Jioni akaja Claude, yule anayenunua mandazi kwa Martine hata akiwa ameshiba. Ana SIM inayoishia na 999 983. Nikakimbia kwa Muzee Gérard kuuliza. Akasema ni tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya milioni! Na Claude hataki chochote, anataka yangu tu. Nimempa upesi, kabla hajashtuka.