Binti wa Minnesota Aliyekataa Maji

Baraza la Nyumba za Mabinti, yaani vyama vya udada vya wasichana wa hapa chuoni, kwa heshima na taadhima, liliniteua mimi, Bi. Twyla Hargrove, kuwa Mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Maandalizi ya Mabinti wa Majimbo ya Nje. Shangwe zilikuwa kubwa. Keki ilikatwa, mabinti wakaimba, na mume wangu akaombwa asubiri garini kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa watu muhimu.

Idara ilikuja kwa wakati wake. Binti wa hapa Alabama huanza kuandaliwa kwa Juma la Mchujo, ambapo kila Nyumba huchagua madada wapya, akiwa bado tumboni. Mama yake alikuwa wa Nyumba fulani, bibi yake vilevile, na kabla hajaota meno kuna wanawake kanisani wameshamtolea ushahidi kwamba ni mtu wa watu. Binti wa jimbo la nje hana hili wala lile. Anashuka uwanja wa ndege na masanduku yake, hajui hata kwamba kucheka na kutabasamu ni shughuli mbili tofauti, zenye kamati mbili tofauti.

Ndiyo maana tukaweka mtaala. Somo la kwanza ni Kusimama Juani Bila Jasho. Kitaalamu, jasho la Agosti halikatazwi, linaahirishwa. Somo la pili ni Mazungumzo Salama. Mgombea haruhusiwi kuzungumzia wavulana, pombe, siasa, dini wala fedha. Yanabaki hali ya hewa na mbwa, na hayo yanatosha kabisa kumjua mtu na kuamua kama atakuwa dada yako mpaka kufa. Somo la tatu ni Utulivu wa Mlangoni. Mabinti wa Nyumba wanapojipanga mlangoni, nyuso juu ya nyuso mpaka zinagusa kizingiti cha juu, wote wakipiga makofi na kuimba kwa nguvu, mgombea asirudi nyuma. Mwaka juzi mmoja alitimua mbio mpaka kituo cha polisi, na polisi nao wakamuuliza ni Nyumba gani, maana wake zao walitaka kujua.

Mwaka huu nikaletewa Britta Tollefsrud, wa Minnesota. Binti mrefu, nywele rangi ya majani makavu, sauti ndogo mpaka unamtegea sikio. Nikamuuliza swali la kawaida la Idara, kwa nini anataka Nyumba.

"Sitaki kula peke yangu, mama," akasema. "Sina mtu hata mmoja huku. Juzi nimekula bwaloni nikijifanya naongea na simu. Halafu simu ikaita kweli."

Jamani, lilinigusa. Lakini kazi ni kazi. Nikamwambia jibu hilo asilirudie hadharani. Jibu rasmi ni "natafuta mazingira ya kukua kiuongozi miongoni mwa madada." Akalikariri, machozi yakimlengalenga. Nilimpa alama za juu, maana kulengwalengwa na machozi ni somo la nne na hatukuwa tumelifikia.

Nikamshauri alenge Nyumba ya Nguzo, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote. Ina nguzo nyeupe mbele, feni kila chumba, na herufi tatu za Kigiriki ambazo hata sisi wenyewe hatuzisomi. Inatokea kwamba mimi pia ni mlezi wa Nyumba hiyo. Watu wenye midomo yao wanasema kuna mgongano wa masilahi. Hakuna mgongano wowote. Masilahi yote yanaelekea upande mmoja.

Siku ya kwanza ya Mchujo, Britta aliingia Nyumba ya Nguzo kwa utulivu, akazungumza vizuri kuhusu mbwa wake Gunnar, na mawingu. Ndipo rais wa Nyumba, Sutton Beasley, akamletea glasi ya maji ya barafu yeye mwenyewe. Sutton ni binti wa ukoo. Mama yake alikuwa rais wa Nyumba, na shangazi yake angekuwa rais kama si ule mkasa wa farasi.

"Karibu maji, mpenzi."

"Aa, hapana, asante. Usijisumbue."

Sutton akarudi chumba cha nyuma akiwa amepauka.

"Bi. Twyla, amekataa maji yetu."

"Amekataa vipi?"

"Kwa adabu. Ndicho kinachonitisha."

Tangu Nyumba ijengwe hakuna mgombea aliyewahi kukataa glasi. Mgombea hupokea, hugusisha mdomo, husema maji yenu matamu. Kamati ikakutana hapo hapo, kati ya friji na mlango wa choo. Hoja ilikuwa nyepesi: binti anayekataa maji ya Nguzo bila shaka ana maji mazuri zaidi mahali pengine. Huyu si mtu mdogo. Kufikia jioni ilijulikana kwamba baba yake anamiliki nusu ya maziwa ya Minnesota, yale ya samaki na mashua. Kesho yake asubuhi yalikuwa yote.

Nyumba nyingine nazo zikamkaribisha maji, akakataa. Zikapandisha daraja: chai ya barafu yenye sukari, maji ya limau, mwisho mkate mtamu wa mapichi uliotoka jikoni ukifuka moshi. Akakataa vyote, huku midomo ikimkauka na tabasamu halijaondoka. Kila akikataa, jina lake linapanda. Kuna Nyumba moja ilimkimbiza mpaka kona na bakuli la karanga za kuchemsha. Mambo!

Mchana wa siku iliyofuata nilipita nyuma ya jiko la Nguzo nikamkuta Britta ameinamia mpira wa kumwagilia maua, anakunywa kama ng'ombe.

"We Britta! Unafanya nini hapo?"

"Kiu, mama. Nakufa na kiu."

"Si umepewa maji ndani sasa hivi?"

"Nimepewa mara moja tu!" Akajifuta kidevu, karibu alie. "Kwetu mtu akikukaribisha kitu, unakataa mara mbili. Ya tatu ndiyo unapokea, tena unasema 'kidogo tu.' Ukipokea mara ya kwanza watasema umelelewa zizini. Huku wanasema mara moja halafu wanaondoka na glasi. Kwani wamenichukia?"

Basi ndiyo hivyo. Hakuna maziwa wala nusu ya maziwa. Baba yake, nilikuja kujua, anafundisha watoto kuogelea. Wajibu wangu ulikuwa kumweleza kwamba sisi tuna Kanuni ya Kutorudia, ambayo niliitunga mwenyewe: Nyumba hukaribisha mara moja, iwe ni maji au udada. Kurudia ni kuombaomba. Nikalitafakari suala zima kwa uangalifu. Binti yuko kileleni. Yeye anaitaka Nyumba, Nyumba inamtaka yeye. Ukweli ungemnufaisha nani hapo?

"Hawajakuchukia," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo."

Nikamfichia chupa ya maji kwenye mkoba wake. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini huruma haina fungu katika bajeti ya Idara.

Ikafika siku ya kupiga simu. Desturi ni kwamba rais wa Nyumba humpigia binti bora kuliko wote kabla ya wengine, sauti ikisikika sebuleni kote, na binti hupiga kelele za furaha mpaka majirani wanatoka nje. Tulikuwa tumevaa nyeupe, tumeshikana mikono, na waliojua kulia walikuwa wameshaanza.

"Britta," akasema Sutton, "Nyumba ya Nguzo inakukaribisha uwe dada yetu."

"Jamani!" Sauti ilitetemeka. "Mmenifurahisha sana. Lakini hapana, msijisumbue. Mpeni mwingine anayestahili zaidi."

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba jibu lile lilikuwa ndiyo, limesimama tu kwenye foleni. Ningeweza kusema, "Mwulize tena, Sutton." Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini kanuni ilikuwa yangu, na kuivunja mbele ya watu walioikariri ni kujivua nguo. Sutton akakata simu kwa mujibu wa taratibu, kisha akakaa chini sakafuni na gauni lake jeupe, akalia kilio ambacho hakimo kwenye mtaala.

Habari hazina mlinzi. Nyumba ya Nguzo imekataliwa! Wanawake waliomaliza chuo miaka mingi iliyopita walinipigia wakitaka kujua kama nguzo bado zimesimama. Wazee wa kanisa waliniangalia kwa pole. Mabinti wa Nyumba jirani walikuja na mkate wa pole, kama tumefiwa, na walikuwa wakicheka kwenye ngazi zetu wenyewe. Tulivumilia kadiri tulivyoweza. Kisha kamati ikaamua, na mimi nikiunga mkono, kwamba tusiombe. Tufanye tu Ziara ya Kuhuisha Mwaliko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila sisi tungeinama kiofisi.

Tukaenda bweni lake mchana kweupe, Nyumba nzima, nyeupe juu mpaka chini. Mlangoni alikaa binti mmoja ana kandambili, anakula mabawa ya kuku. Aliitwa Charlsie Mims, jirani ya Britta ghorofa ya tatu, mtoto wa mfugaji kuku wa hapa hapa Alabama, na hajawahi kugombea Nyumba yoyote maishani mwake.

"Shikamoo, Bi. Twyla," akasema bila kusimama. "Kuna arusi?"

"Tumekuja kumwona Britta."

"Wote hawa? Ngazi zetu zitaanguka. Pangeni mstari, nyie. Hapana, si hapo kwenye kivuli, hapo wanapita watu."

Tukapanga mstari juani. Sijui kwa nini tulipanga. Nadhani mtu akikuambia jambo kwa uhakika wa kutosha, mwili unatii. Madirisha ya bweni yakaanza kufunguka, vichwa vikatoka, na mmoja juu akauliza, "Yule wa tatu mbona anajitahidi sana?" Wakacheka. Wa tatu nilikuwa mimi.

Charlsie akatupitia mmoja mmoja, mfupa wa kuku mkononi, mpaka akamfikia Sutton.

"Haya, dada. Mnamtaka Britta kwa nini?"

"Tunatafuta madada wenye mwelekeo wa kiuongozi..."

"Anasoma nini?"

Sutton akanitazama. Mimi nikamtazama mwingine. Swali likatembea mstari mzima na kurudi.

"Tunajua mbwa wake anaitwa Gunnar," akasema Sutton kwa sauti ndogo.

"Anasoma uuguzi," akasema Charlsie. "Mlipomkatia simu alikaa na hiyo simu magotini akisubiri muulize tena. Alikuwa hali wala hanywi. Mimi nimeenda na sahani, nikamwambia 'kula,' akasema 'hapana.' Nikamwambia 'kula bwana,' 'hapana.' Nikamwambia 'Britta, nikirudi na hiki chakula nitaimwagia Idara ya Bi. Twyla kichwani.' Akala. Sasa korido nzima tunakula pamoja, kila mtu na chake. Jana katupikia viazi na nyama vya kwao. Vibaya! Tumemaliza sufuria."

Ndipo Britta akatoka, kifuniko cha sufuria mkononi, mashavu yamemjaa rangi. Alipotuona akafurahi kweli kweli, jambo lililotuuma zaidi kuliko angekasirika.

"Jamani, mmekuja! Na jua lote hili!"

Sutton akatoka mstarini. Jasho lililoahirishwa tangu mwanzo wa Agosti lilikuwa limemwagika lote, wanja wa macho umefika kidevuni. Akavunja kanuni yangu mbele yangu.

"Britta, tafadhali. Kuwa dada yetu."

"Aa, hapana, asante," akasema Britta. Hiyo ilikuwa ya pili.

Nikamfinya Sutton. Sikujali tena. "Mwulize tena! Mwulize!"

"Britta," akasema Sutton, na sauti ikamkatika, "nakuomba."

Tukasubiri lile 'kidogo tu.' Mabinti walishikana mikono. Nilihesabu kwamba jambo limekwisha, na nikaanza kutunga tangazo kichwani.

Britta akageuka akawatazama wenzake kwenye madirisha. "Mimi ningependa," akasema polepole, "lakini siko peke yangu sasa. Ngoja niwaulize na wenzangu."

Yeye na Charlsie wakapanda juu. Tukasikia viti vikisogezwa, kisha sauti za watu wengi pamoja, kisha kicheko kirefu. Kuna aliyesema "yule mwenye kofia, hapana" na mwenye kofia akaivua haraka. Msichana mmoja akashuka na ndoo ya maji na kikombe cha plastiki, akatukaribisha mara moja tu, nasi tukakipigania.

Baadaye Charlsie akashuka na tabasamu zuri. Nilisimama wima. Nikavuta tumbo ndani.

"Asanteni sana kwa kuja," akasema. "Mmependeza, na mnaimba vizuri, tunawasikiaga. Bado tunazungumza. Tutawapigia."

"Lini?" akauliza Sutton.

"Msipopigiwa, basi ndiyo jibu." Akafunga mlango taratibu.

Idara inapenda kuufahamisha umma kwamba mchakato unaendelea vizuri. Simu iko mezani sebuleni, imechajiwa, na tumepanga zamu za kuikalia. Jana kwenye zamu yetu Sutton aliniuliza kama kosa lilikuwa gauni, au sauti, au vile alivyosimama. Wamepita ofisini kwangu mabinti wengi sana wakiniuliza swali hilohilo, na kila mmoja nilimpa jibu la kitaalamu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Kwa kweli sijui."