Vyura Wekundu wa Kitahana

Jumatatu, 5 Aprili 1976
Wiki ya tatu sasa Esteri yuko kwao Murungu. Mke mzima kuondoka kwa sababu ya mtungi! Baba mkwe, Mzee Bazilio, ametuma neno: Jumapili nipeleke mtungi wa asali, uliojaa, la sivyo nisahau mke. Asali ninayo. Lakini kila asubuhi naikuta imepungua! Chini ya mtungi sisimizi tele. Ni Makarius tu. Tangu tuhamishiwe kijijini mlango wake unatazamana na wangu, na anapenda sana vitamu.

Jumanne, 6 Aprili
Nimepata dawa. Gazeti la zamani la misheni lina habari za vyura wa misitu ya Amerika Kusini. Wekundu, wa njano, wa buluu, sumu ngozini. Adui akiona rangi tu, mbio! Wetu wana rangi ya tope, nani atawaogopa? Nimekamata saba kijitoni. Mimi ni karani wa kijiji, na ile rangi nyekundu ya kuandikia namba za nyumba ilibaki. Kumpaka chura ni kazi! Wawili wametoroka, watano nimewaweka kuzunguka mtungi. Suruali ya kanisani basi tena.

Alhamisi, 8 Aprili
Nimetangaza dukani kwa Zena kwamba vyura wangu wametoka ng'ambo, ukimgusa mmoja unakufa. Zena akauliza wamefikaje. Nikasema kwa posta. Wote waliamini isipokuwa Makarius, aliyecheka hadi akashika ukuta. Acheke! Leo asali haijapungua hata tone. Imesimama palepale, nusu ya mtungi.

Ijumaa, 9 Aprili
Balaa. Wanawake wameona chura mwekundu kijitoni, hakuna anayechota maji. Mwenyekiti akaniamuru niyanywe mbele ya watu. Nikanywa kata mbili. Wakakaa hadi alasiri wakingoja nife. Makarius alikuja na jembe, eti asaidie kaburi.

Jumapili, 11 Aprili
Nimejaza mtungi kwa asali ya mzinga wangu wa mwisho, nikaufunga kwenye baiskeli. Nyuki wamenisindikiza hadi Murungu, sijui kwa nini. Habari za vyura zilishafika. Mzee Bazilio akakumbusha desturi: anayeleta huonja kwanza. Nikafunua kwa madaha. Nusu! Na juu ya asali, chura mwekundu. Mama mkwe alipiga yowe nadhani limesikika Kibondo. Nikaonja. Esteri hakumjali chura. Alipitisha kidole ubavuni mwa mtungi, akasema ufa ni uleule alionionyesha siku ile, nami nikamjibu hajui mitungi. Akaingia ndani. Baba mkwe amenipa Jumapili moja tu: asali nyingine, mtungi mwingine. Nimelia njiani, na si kwa sababu ya nyuki. Namtaka mke wangu.

Jumatatu, 12 Aprili
Nimefikiri sana. Mtungi mzima haupati ufa wenyewe. Makarius! Asali nitaomba kwa kaka. Mtungi ni huuhuu, ufa nimeuziba kwa rangi nyekundu. Gazeti linasema wa njano ndio hatari zaidi, na rangi ya njano ipo stoo ya ofisi. Naenda kijitoni.