Kompyuta ya Asali Iliyogoma Kuamka

Jumatatu, 14 Juni 1999

Kompyuta imegoma. Si yangu, lakini kilio ni changu.

Mimi shule sikukanyaga. Herufi nilizipata kwa mjukuu wangu Aurélie: alikuwa akirudi na madaftari namega naye elimu huku napepeta mchele. Leo huyo huyo ni karani wa kompyuta kwenye ofisi ya umoja wa wafuga nyuki, hapa Mpanda mjini. Karani wa majaribio! Mandazi nauza mlangoni mwa ofisi hiyo hiyo, kwa hiyo nahesabu nusu ya ofisi ni yangu.

Mambo yako hivi. Kompyuta ya zamani iliungua jenereta lilipopandisha umeme. Ikaja nyingine kwa treni, zawadi ya wafadhili. Aurélie akaipasua ile maiti, akatoa hadi diski, yaani kibati kinachotunza akili na kumbukumbu zote, akakipachika kwenye mwili mpya. Akawasha. Ikaandika L. Ikaandika I. Kimya. Ilitakiwa imalize LILO ndipo iamke. Imebaki na LI yake, kama mtu aliyebanwa na kiazi kooni.

Ndani mna mfumo uitwao Linux. Alama yake ni ndege mnene mwenye tumbo jeupe, anasimama kama diwani. Mimi nilisema tangu mwanzo yule ndege hana sura ya kazi.

Mwenyekiti wetu Osward, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, ni mpole ila akisema kasema. Kasema wafadhili wanakuja Jumamosi kuona lebo za chupa za asali zikitoka kwenye mashine yao. Zisipotoka, Farhan ataifuta yote, aweke Windows, na kiti cha Aurélie akalie yeye.

Farhan! Mjukuu wa Mwanaiddi, muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara, mshindani wangu! Kijana kasoma kozi Tabora na wana kompyuta dukani kwao. Mwanaiddi hakuchelewa. Akapaza sauti, eti Mama Salva, mlete huyo binti nimfundishe kukaanga, kikaango hakigomi. (Salva ni Salvatori, mwanangu, baba yake Aurélie.) Nikamjibu kwamba vitumbua vyake hata mbwa wa kijijini Kasokola huvinusa kwanza, halafu hufikiri.

Aurélie hajala usiku huu. Basi. Bibi yake nipo. Naingilia kati.

Jumanne, 15 Juni

Nimemwuliza ugonjwa ni nini. Kasema mashine haijafa, imepotea tu. Kwenye mwili wa zamani hadi diski ilijua kila kitu kilipo. Mwili mpya unahesabu vingine. Akaniona nimetoa macho, akasema, Bibi, ni kama bibi harusi aliyefika ukweni jana, anatafuta chumvi pale mama yake alipokuwa anaiweka.

Hapo nikaelewa. Kuliko yeye!

Sisi Warundi bibi harusi hapewi kazi akifika. Anafichwa ndani, anafunikwa, anatulia, mpaka ndugu zake waje na pombe kumtoa. Ndipo anashika jiko. Nani alisikia bibi harusi kashuka kwenye treni akaambiwa papo hapo achape lebo? Wameikosea adabu. Imenuna. Hata mimi ningenuna.

Aurélie alipokwenda kutafuta dizeli ya kuongezea jenereta, nikaingia. Nikaifunika kwa kitenge changu kipya, kile cha tausi. Nikazungusha mara mbili na kufunga fundo, isichunguliwe na wanaume. Pombe ya mtama nikainywa mwenyewe, maana ndugu wa kuja kuitoa ni mimi. Nikakaa kando kimya, kwa heshima.

Ikaanza kuguna. Nikasema, vizuri, inazoea.

Ikaanza kunuka. Nikasema, hmm.

Mwenyekiti Osward akaingia mbio na ndoo ya mchanga. Aurélie akaingia nyuma yake, akairukia mashine kabla ya mchanga, akararua kitenge. Kitenge kipya! Kumbe ilikuwa inawaka muda wote, na kumbe hizi mashine zinapumua kwa nyuma. Mbona hakuna aliyeniambia? Bibi harusi naye anapumua na hajawahi kufa kwa kitenge.

Haikuungua, namshukuru Mungu. Ila nimepigwa marufuku. Osward kasema, mama yangu, nakuheshimu sana, mguu wako usivuke kizingiti hiki mpaka wageni waondoke. Mwanaiddi amecheka mpaka kashika mti.

Jumatano, 16 Juni

Farhan amekuja ofisini na mkoba! Osward kamwita aangalie kwanza, asifute bado. Nikachungulia dirishani. Mezani pana kidude cheusi cha mraba, chembamba, wanakiita flopi. Sikuhitaji kuambiwa. Hiyo ndiyo sumu ya kufutia. Ikiingia humo, kazi ya mjukuu wangu imekwisha.

Mpango ukanijia wote kwa mkupuo. Mimi nina kichwa, basi tu sikusomeshwa.

Nikamwita Farhan, njoo mjukuu wangu umsalimie bibi. Akaja, shikamoo bibi. Nikamketisha kwenye benchi langu. Viazi vitamu. Maharage. Mandazi. Uji wa ulezi. Akasema ameshiba. Nikamwuliza mama yake alimfundisha kukataa mkono wa mtu mzima? Akala tena. Ana adabu mno yule kijana, ni aibu kwa ukoo wao. Akafungua kifungo cha suruali. Akaegemea ukuta. Akalala, mdomo wazi.

Ng'ambo, Mwanaiddi kasimama na upawa mkononi akitazama damu yake mwenyewe inavyokoroma juu ya mandazi yangu. Siku tamu hiyo!

Nikapitisha mkono dirishani, nikaichukua flopi. Mguu haukuvuka kizingiti. Mimi ni mtu wa sheria.

Nyumbani nimeihifadhi tunapohifadhi vitu vya thamani: juu ya jiko, katikati ya mahindi ya mbegu, moshi uilinde na dudu. Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 17 Juni

Loo.

Aurélie amerudi macho mekundu. Flopi ya kuamshia imepotea. Ilikuwa ya kwake, aliitafuta siku mbili akaipata jana! Aliachiwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyefunga mfumo, na ndiyo ambayo ingeifungulia mashine mlango wa nyuma pale inapokwama kwenye LI. Kitu cha Farhan ni cha mviringo, kinang'aa kama kioo, na wala hakikutoka mkobani.

Nikamwuliza, kwa mfano tu, flopi ikikaa mahali penye ujotojoto inakuwaje?

Akanitazama. Akaniita bibi kwa Kirundi: Nyogokuru. Hilo tu.

Akapanda juu ya kinu, akaishusha. Imejikunja kama jani la tumbaku. Inanuka dagaa. Dudu haina hata mmoja, hilo nilimwonyesha.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alicheka kidogo, halafu akalaza kichwa kwenye mapaja yangu kama zamani, akasema basi Bibi, kiti kimekwenda. Yule mtoto hajawahi kuniomba kitu. Kazi ile aliipenda mpaka alikuwa anaota ndoto za kuchapa, vidole vinacheza juu ya blanketi nikiviona.

Nikamtikisa. Nikamwambia kilichotengenezwa na mtu mmoja kinatengenezwa na mwingine, sema dawa! Akasema flopi nyingine inaweza kuandikwa, mafaili yake yamo kwenye sidii, kisahani kama kile cha Farhan, iliyo kwenye droo ya ofisi. Ila inaandikwa na kompyuta iliyo hai. Na kompyuta iliyo hai, ambayo tunaweza kuifikia, iko moja.

Dukani kwa kina Farhan. Na pale hakitoki kitu bila ruhusa ya Mwanaiddi.

Mungu wangu, ulikosa mtu mwingine?

Ijumaa, 18 Juni

Nimekwenda asubuhi na sidii kifuani. Mwanaiddi kanipa kigoda kifupi kuliko chake. Kanipa chai ya tangawizi. Kaniuliza habari za mguu wangu, za mihogo, za mapadri, za mbuzi ambaye nilishamuuza. Anajua nina shida, mchawi yule, anaila polepole kama muwa. Mwisho nikasema yote. Na flopi, na moshi, yote.

Farhan akasema yeye yuko tayari. Tena kasema kufuta ni rahisi, lakini orodha ya mizinga yote ya wanachama na majina yao ingekwenda na maji, na hilo hakulipenda tangu mwanzo. Kiti hakitaki, anayekitaka ni bibi yake. Mwanaiddi akamwambia nyamaza, wakubwa wanaongea.

Akanigeukia. Kasema hataki chochote kwangu. Neno tu. Nisimame barabarani niseme vitumbua vyake ni vitamu kuliko mandazi yangu.

Nikasema sawa, nitasema sasa hivi, hakuna mtu. Akasema hapana Mama Salva, subiri watu watoke swala ya Ijumaa.

Nikasubiri. Wakatoka. Mpanda nzima, wallahi, mpaka watu ambao huwa hawaswali walitoka. Nikasema. Mwanaiddi akaweka mkono sikioni, eti mwenzangu, upepo. Nikasema tena kwa nguvu, mpaka punda akajibu. Watu wakapiga makofi. Kisha akanitilia kitumbua mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote.

Kibaya zaidi, ni kitamu. Nisiandike hilo. Nimeshaandika.

Alipomaliza kucheka akafungasha vingine kwenye gazeti. Vya Aurélie, kasema. Mtoto hapigani na mashine akiwa na njaa. Akageuka haraka nisimwone uso. Nilimwona.

Farhan akaandika flopi. Mchana wakainama wote wawili mbele ya mashine, mimi na Mwanaiddi dirishani, tunasukumana viwiko. Flopi ikaingia. Safari hii haikuishia kwenye LI. Maneno yakashuka mbio kama siafu! Nikapiga kigelegele.

Mapema mno. Yakasimama. Aurélie akasoma, kumbe mashine imeandika kwamba imeshikwa na hofu. Hofu! Chuma! Imeamka ila haioni nyumbani kwake, maana hadi diski ilizoea waya wa kwanza na huku imechomekwa wa pili. Mwanaiddi akashika mkono wangu, sijui kama alijua.

Aurélie akaiandikia anwani mpya kwa vidole vyake. Ikaingia ndani! Farhan akamkumbusha, irekebishe kabisa, isije ikasahau. Akaiagiza ijiandikie mlango upya. Akachomoa flopi, akazima, akawasha.

L. I. L. O.

Tulipiga vigelegele mpaka Osward akaja na ndoo ya mchanga.

Jumamosi, 19 Juni

Wafadhili wamekuja. Lebo zimetoka moja moja, zimeandikwa asali ya Mpanda, na picha ya nyuki ambaye Aurélie kamchora mwenyewe. Mgeni mmoja alishangilia kuona yule ndege mnene kwenye kioo, hata sielewi, wana ndege wazuri kwao.

Osward amesema mbele ya watu kwamba kiti ni cha Aurélie, majaribio yamekwisha. Mtoto akalia. Mimi nikalia. Mwanaiddi akalia kwa sauti kunizidi, makusudi.

Marufuku imeondolewa. Osward kaniomba niwe nafagia ofisi Jumapili, maana kasema nina uchungu nayo. Nikasimama nikahutubia kidogo. Nikasema nimejifunza: kitu usichokijua, usikiguse. Wakanipigia makofi marefu kuliko ya barabarani.

Jumapili, 20 Juni

Baada ya misa nimemwacha Aurélie amelala, amechoka maskini. Nimechukua ufunguo nikaenda kufagia.

Nikakaa kwenye kiti chake nione anachokiona. Jamani! Meza imetazamana na vitumbua! Kutwa nzima mtoto atakuwa anaangalia ng'ambo, na mwisho wa yote atakula huko. Amepiganiwa kiti na bibi yake ili anenepeshwe na jirani?

Chumba cha nyuma kina dirisha zuri. Ukikaa pale unaliona benchi langu lote.

Nimeihamisha mashine. Pole pole, kwa adabu, bila kitenge, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Waya zote nimezichomoa na kuzirudisha kila moja ilipokubali kuingia. Iliyokataa nimeibembeleza kwa kisigino cha kandambili. Kibati chenye akili kilikuwa kinachezacheza humo ndani, nacho nimekihamishia nafasi ya juu, penye hewa.

Zimebaki waya mbili. Zitakuwa za akiba.