Mguu wa Cherehani kwenye Breki ya Daktari

Jumatatu, 4 Machi

Uani kwangu kuna pikipiki ya matairi manne. Nyekundu. Majirani wameiona wote; aliyekuwa hajaiona nimemleta mwenyewe. Ni mali ya ofisi ya mifugo, lakini anayeiendesha ni binti yangu, kwa hiyo ni yetu. Binti namwita Daktari. Yeye husema ni msaidizi tu wa daktari wa mifugo. Unyenyekevu huo kautoa kwa baba yake, kwangu hajautoa.

Jumamosi mkubwa wao wa kazi anakuja. Daktari atashuka mteremko ulio nyuma ya josho la ng'ombe na kusimama kwenye mstari wa chokaa. Akisimama sawasawa, pikipiki inakuwa yake ya kazi na vijiji vya juu anapewa yeye. Asiposimama, inakwenda kituo kingine, naye anarudi kupanda vilima kwa miguu, begi la dawa begani. Malengelenge ya miguu ile nimeyakanda mimi. Sitaki kuyaona tena.

Tatizo ni breki ya nyuma. Ukikanyaga, pedeli inadidimia kama godoro la zamani. Daktari anasema mafuta ya breki yamechakaa na upepo umeingia ndani. Wiki hii yuko kwenye semina, atayabadilisha Ijumaa akirudi. Kaniambia, Mama, usiiguse. Nikamuuliza mimi niguse nini.

Kesho nitaigusa.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji kauliza nataka mafuta ya breki namba ngapi. Kumbe yana namba. Nikasema nipe ya juu kabisa, mwanangu hatumii vya chini. Akasema ya juu kabisa haichanganyiki na haya mengine, kwanza nikasome kifuniko cha kikopo cha breki. Nikarudi nyumbani. Kifuniko kimeandikwa nne. Nikarudi dukani, nikasema nne, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Akauliza fundi ni nani. Nikasema fundi yupo.

Chupa nimeibeba mkononi, si kikapuni, ili watu waulize. Aliyeuliza ni mmoja tu, na ndiye niliyekuwa simtaki: Mama Cherehani.

Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa nguo. Mwanawe anaendesha lori. Nikitaja pikipiki, anataja lori. Nikitaja matairi manne, anataja kumi. Leo kanieleza, bila kuombwa, kwamba breki haitolewi upepo na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skrubu. Kayasikia kwa mwanawe. Nikamwambia hayo nayajua siku nyingi.

Nilikuwa siyajui.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwita. Ningefanyaje? Nimemwita kwa adabu zote, shoga yangu, ndugu yangu. Kaja, na mto wake wa kukalia kwapani, kama anakuja kikaoni.

Kwanza tuligombana nani fundi na nani msaidizi. Nikamuuliza pikipiki iko uani kwa nani. Akakaa kwenye kiti, mguu juu ya pedeli. Mimi nikalala chini kwenye gunia, spana mkononi. Mpira mwembamba nimeuchomeka kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili ndani ya chupa tupu. Kazi yenyewe nyepesi: anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua, uchafu unatoka, nafunga, ndipo anaachia.

Mafuta yakatoka meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nilifurahi mno. Nikaona kabisa mkubwa wa kazi ananipa mkono.

Lakini mwanamke huyu kashona maisha yake yote kwenye cherehani ya miguu. Mguu wake haujui kushikilia. Namwambia shikilia, anajibu nimeshikilia, na huku mguu unakwenda taka-taka-taka kama anapiga pindo. Kila akiachia kabla sijafunga, breki inanyonya upepo kurudi ndani. Mapovu matupu. Nikamwambia dada, hatushoni suruali hapa. Akasema ningekuwa na mkono mwepesi kama wa mwanawe yote haya yasingetokea. Katika kujibizana tukasahau kuongeza mafuta kwenye kikopo cha juu. Kikakauka kabisa.

Pedeli imezama hadi chini na haikurudi. Asubuhi ilikuwa godoro. Sasa ni sakafu.

Tulitazamana. Akaanza yeye kucheka, nikamfuata, hadi nikaomba anivute niinuke.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewaza: breki mkubwa ataijua mwishoni mwa mteremko, lakini mng'ao atauona tangu barabarani. Na mafuta yamebaki mengi. Yanateleza vizuri kidoleni, yanang'aa. Mama Cherehani kaleta vipande vya kitambaa laini. Tumeipaka pikipiki yote, mbele na nyuma, mpaka kwenye vikinga matope. Iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama Cherehani kakiri kwa kinywa chake kwamba lori la mwanawe halijawahi kung'aa hivi. Nimemwambia arudie. Karudia.

Siku nzuri sana.

Jioni rangi imejikunja kama utando wa maziwa. Nikaigusa kwa kidole. Kidole kikarudi chekundu, pikipiki ikabaki nyeupe.

Nimeifunika kwa shuka.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari karudi, kavuta shuka. Akauliza ni nani. Nikamnyooshea kidole Mama Cherehani. Mama Cherehani tayari alikuwa ananinyooshea mimi.

Akasema mafuta ya breki hula rangi, akaimwagia pikipiki maji, ndoo baada ya ndoo. Akauliza chupa iko wapi. Nikampa. Ilikuwa wazi tangu juzi. Akasema yakikaa wazi hunywa unyevu wa hewani, hayafai tena. Akafungua begi lake, akatoa chupa nyingine, mpya. Alikuwa nayo siku zote.

Halafu akakanyaga pedeli. Akaikanyaga tena. Akaniambia polepole, Mama, ningeshuka na hii ningeishia ndani ya josho pamoja na ng'ombe. Nikaokota shuka, nikaikunja mara nne.

Mwenzake wa kazini aliyekuwa aje kumsaidia kabanwa na shughuli. Daktari akatutazama sisi wawili kama mtu anayechagua kati ya viatu viwili vilivyotoboka. Akamkalisha Mama Cherehani kwenye pedeli, akamuuliza: shangazi, ukifika kwenye kona ya nguo, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, mguu unafanya nini? Akajibu unatulia, ama sivyo sindano inakatika. Daktari akasema basi kila nikisema shikilia, sindano iko ndani.

Mguu ukatulia kama umepigwa msumari.

Mimi nilipewa kikopo, nisikiache kikauke. Nimekijaza kwa heshima zote. Mapovu yakaja, yakapungua, yakaisha. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Daktari kacheka mwishowe, kamkumbatia Mama Cherehani kwanza, kisha mimi. Hilo la kwanza na kisha nimeliona.

Jumamosi, 9 Machi

Kashuka. Mteremko ule mtu hushuka ameshika majani. Yeye kashuka amenyooka, akakanyaga mara moja, tairi la mbele likalala juu ya chokaa kama limechorwa hapo. Mkubwa akauliza rangi imepatwa na nini. Daktari akanitazama, akasema ni ajali ya usafi. Mkubwa akasema bora inayosimama kuliko inayong'aa, akampa funguo mkononi. Pikipiki ni yake. Vijiji vya juu ni vyake.

Nimelia kidogo. Kisha nimewaeleza wote waliokuwepo joshoni, wafugaji na hata walioleta mbuzi, kwamba breki ile nimeitoa upepo mimi. Mama Cherehani akasahihisha: sisi.

Jumapili, 10 Machi

Daktari kaficha spana. Mtoto mwenye akili sana, ila nyumba hii naifagia mimi.

Jana mkubwa alipokuwa anaondoka, gari lake lilifunga breki kwa mlio wa mlango wa stoo. Nikamfuata dirishani, nikamwambia kwetu kuna mafundi wawili, mama na shangazi wa Daktari. Kacheka, kauliza nyumba ni ipi. Atalileta kesho, Daktari akiwa vilimani.

Mama Cherehani ana wasiwasi, anasema gari hatulijui. Nimemwambia atulie. Nimelizunguka lote nikalitazama vizuri. Ni pikipiki ileile, ila hii ina paa.